Kutumia nyumba kulipa mkopo wa chuo Marekani: mwongozo kamili kabla hujasaini

Dawa ya deni ni kulipa, wazee walishasema. Kwa hiyo afisa mikopo akikwambia kwamba nyumba yako "inaweza kulipa" mkopo wako wa chuo, kitazame vizuri hicho kitenzi. Nyumba hailipi kitu. Unafunga mkopo wa nyumba wa zamani, unafungua mwingine mkubwa zaidi, na ile tofauti inakwenda kufuta deni la chuo. Jumla unayodaiwa haijashuka hata senti moja, na mara nyingi imepanda kidogo kwa sababu ya gharama za mkopo mpya. Kilichobadilika ni riba, muda, na jambo la tatu ambalo watu hulisahau: deni ambalo jana halikuwa na rehani yoyote, leo limeshikilia hati ya nyumba yako.

Wapo watu ambao mpango huu unawafaa kweli. Wapo wengi zaidi ambao hauwafai, na wauzaji wa mikopo hawalipwi kwa kukwambia hivyo. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi ningeufuata nikiwa na karatasi zangu mezani: aina ya deni kwanza, kisha hesabu, na mkopeshaji awe wa mwisho kabisa. Wengi huanza na mkopeshaji. Hapo ndipo wanapopotea.

Neno moja kabla hatujaenda mbali. Kubadilisha mkopo wa nyumba kwa mkopo mpya tutakuita rifainansi, kama Waswahili wengi wa huku wanavyotamka. Ukichukua mkubwa kuliko ule unaoufunga ili upate fedha za ziada, hiyo ni rifainansi ya kutoa fedha.

Hatua ya kwanza: tenganisha deni la serikali na la watu binafsi

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Ingia StudentAid.gov kwa akaunti yako. Mikopo yote ya serikali kuu iko pale, pamoja na jina la kampuni inayoisimamia. Iandike upande wa kushoto. Kisha nenda AnnualCreditReport.com uchukue bure ripoti zako za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion. Mkopo wa masomo unaoonekana kwenye ripoti hizo lakini haupo StudentAid.gov ni wa benki au kampuni binafsi. Huo uandike kulia. Kwa kila mkopo weka salio, riba, miezi iliyobaki, na kama kuna mtu aliyekudhamini.

Mstari huo ndio uamuzi wenyewe kwa zaidi ya nusu.

Mkopo wa serikali una haki ndani yake ambazo hazionekani kwenye asilimia ya riba. Kipato kikishuka, unaweza kuomba malipo yafuate kipato. Ukifanya kazi serikalini, shule ya umma au shirika lisilo la faida linalokubalika, mpango wa PSLF, uliotokana na sheria ya mwaka 2007, unafuta salio lililobaki baada ya malipo 120 yanayostahili, na si lazima yawe mfululizo. Ukifariki, deni linafutwa. Ukipata ulemavu wa kudumu unaokuzuia kabisa kufanya kazi, linaweza kufutwa pia. Mkopo wa nyumba hauna hata moja kati ya hizo: ukifa, deni linabaki na nyumba, na nyumba inabaki na wanao.

Kama unadhani hizi ni haki za kwenye makaratasi tu, kumbuka janga la korona. Kuanzia Machi 13, 2020 riba ya mikopo ya serikali iliwekwa 0% na malipo yakasimamishwa. Riba haikurudi mpaka Septemba 1, 2023. Mtu aliyekuwa amehamishia mkopo wake kwenye nyumba mwaka 2019 hakuonja nafuu hiyo hata siku moja. Aliweza kuomba kuahirisha malipo ya nyumba, ndiyo, lakini riba yake iliendelea kuhesabiwa. Na hakukuwa na njia ya kurudi nyuma, kwa sababu mkopo wa serikali ukishalipwa na mkopeshaji mwingine umekufa.

Ni kweli sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imebana mambo. Mipango kadhaa ya malipo kwa kipato, ikiwemo PAYE na ICR, inaondolewa hatua kwa hatua hadi Julai 1, 2028, na mpango mpya uitwao RAP, unaoanza Julai 1, 2026, unasamehe salio baada ya miaka 30 badala ya 20 au 25 ya mipango ya zamani. Nafuu imepungua, lakini ipo. Mwalimu mwenye malipo 84 ya PSLF mkononi akienda kuweka nyumba yake rehani kulipa deni ambalo lingefutwa ndani ya miaka mitatu, huyo amepewa ushauri mbaya.

Kuna upande wa pili, nao nausema wazi. Serikali ikikudai si mpole. Ukikaa siku 270 bila kulipa, mkopo unahesabiwa umeshindikana, na inaweza kukukata hadi 15% ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima bila hata kukupeleka mahakamani, na kuzuia marejesho yako ya kodi. Inauma. Lakini usiku unalala kwako. Kwenye mkopo wa nyumba, ukipitisha siku 120 za kuchelewa, sheria ya serikali kuu inamruhusu mkopeshaji kuanza mchakato wa kuiuza nyumba.

Sasa tazama upande wa kulia wa karatasi. Mikopo binafsi haina PSLF, haina malipo kwa kipato, na riba yake huweza kuwa kali, hasa kama ulikopa ukiwa kijana asiye na historia ya mikopo. Mara nyingi imebeba jina la mzazi, shangazi au kaka aliyekudhamini, na ukichelewa wewe, alama zake za mikopo, yaani namba inayopima anavyoaminika kulipa, ndizo zinazoumia. Hapa ndipo rifainansi inapostahili kufikiriwa. Kama karatasi yako haina kitu upande wa kulia, unaweza kuishia kusoma hapa hapa, sitakulaumu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya riba iliyochanganywa

Kosa ninaloliona zaidi ni kulinganisha riba ya mkopo mpya wa nyumba na riba ya mkopo wa chuo pekee. "Chuo wananitoza 7.05%, benki wananipa 6.5%, si nimepata?" Hapana, kwa sababu ile 6.5% haitagusa deni la chuo tu. Itavaa deni lote la nyumba ambalo huenda unalilipia 3.25%.

Fanya hivi. Zidisha salio la nyumba kwa riba yake, zidisha salio la chuo kwa riba yake, jumlisha majibu, gawanya kwa jumla ya salio zote mbili. Riba ya mkopo mpya lazima iwe chini ya jibu hilo, na chini kwa kiasi cha kutosha kufidia gharama.

Mfano. Una nyumba unayodaiwa dola 210,000 kwa 3.25%, uliyoichukua wakati ule riba zilipolala chini (Januari 2021 wastani wa riba za mikopo ya nyumba ya miaka 30 unaotolewa na Freddie Mac, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ulifika 2.65%, haujawahi kuwa chini ya hapo), na umebakiza miaka 26. Una deni la chuo dola 42,000 kwa 7.05%, miaka 10. Riba iliyochanganywa ni kama 3.88%. Mkopo mpya wa 6.5% hauna hata haja ya kujadiliwa. Lakini tuumalize, maana matokeo yake yanatisha. Leo unalipa karibu dola 998 za nyumba na 489 za chuo, jumla 1,487 kwa mwezi, bila kodi na bima. Ukikopa upya dola 258,000, yaani madeni yote mawili pamoja na dola 6,000 za gharama, kwa miaka 30, unalipa karibu 1,631. Malipo yamepanda! Na mpaka mwisho wa safari utakuwa umetoa takribani dola 217,000 zaidi ya vile ungetoa kama ungekaa kimya.

Kwa hiyo kama nyumba yako ina riba ya miaka ya 2020 na 2021, usiuguse mkopo huo. Ni mali kama mali nyingine.

Sasa badilisha sura. Mtu mwingine alinunua mwishoni mwa 2023, riba zilipokuwa juu (Oktoba mwaka huo wastani uligusa 7.79%). Anadaiwa dola 210,000 kwa 7.75%, amebakiza miaka 28. Deni la chuo ni dola 42,000 kwa kampuni binafsi, riba 11%, miaka 10. Riba iliyochanganywa ni 8.29%. Akipata mkopo mpya wa dola 258,000 kwa 6.25%, malipo yake yanatoka dola 2,111 kwa mwezi, nyumba na chuo pamoja, hadi karibu 1,589. Dola 522 zinabaki mfukoni kila mwezi.

Hapo afisa mikopo anafunga daftari na kutabasamu. Wewe usifunge.

Mtego wa miaka 30

Chukua zile dola 42,000 za chuo peke yake. Kwa 11% ndani ya miaka 10, mpaka unamaliza unakuwa umelipa kama dola 69,400. Kwa 6.25% ndani ya miaka 30, unalipa kama dola 93,100. Riba imeshuka karibu nusu, na bado deni lilelile limekugharimu dola 23,700 zaidi. Hakuna aliyekudanganya, ni muda tu umefanya kazi yake. Utakuwa unalipia vitabu vya mwaka wa pili wa chuo mpaka karibu na kustaafu.

Ndiyo maana mtu wetu wa 2023, akilipa kiwango cha chini tu kwa miaka 30 yote, atatoa takribani dola 571,900 badala ya 584,300. Akiba ya dola 12,400 hivi kwa miaka 30. Kwa msukosuko wote huu, ni kidogo. Lakini akichukua mkopo mpya kisha akaendelea kutoa zile dola 2,111 alizozizoea, kana kwamba hakuna kilichobadilika, anamaliza kila kitu kwa miezi kama 195, miaka 16 na ushee, na jumla inakuwa karibu dola 411,000. Sehemu ya akiba hiyo inatokana na nidhamu yake mwenyewe na si rifainansi, tuwe wakweli. Hata hivyo riba ndogo ndiyo inayofanya nidhamu hiyo izae.

Kwa hiyo jiulize swali moja kabla ya mengine yote, na ujijibu kama unavyojijua, si kama unavyotamani kuwa: zile dola 522 zitakwenda wapi? Kama jibu ni gari, usisaini.

Hesabu nyingine ndogo ni ya muda wa kurudisha gharama. Wengi hugawanya gharama kwa punguzo la malipo: 6,000 kwa 522, miezi 11 na nusu. Hiyo inadanganya, kwa sababu sehemu ya punguzo imetokana na kurefusha muda. Tumia punguzo la riba. Mwezi wa kwanza mtu wetu alikuwa analipa riba ya dola 1,741 kwa madeni yote mawili. Kwenye mkopo mpya ni 1,344. Tofauti ni kama 397, hivyo gharama zinarudi baada ya miezi 15. Kama unawaza kuhama kabla ya hapo, acha.

Hatua ya tatu: nyumba ina nafasi kiasi gani?

Kwa mikopo ya kawaida inayouzwa kwa Freddie Mac au mwenzake Fannie Mae, rifainansi ya kutoa fedha kwenye nyumba ya familia moja unayoishi husimama kwenye 80% ya thamani. Nyumba ya dola 380,000 inaruhusu mkopo wa dola 304,000. Ukidaiwa 210,000, una nafasi ya 94,000 kabla ya gharama. Fannie Mae pia hutaka mkopo wa kwanza unaoufunga uwe umetimiza angalau miezi 12, kanuni iliyoanza 2023, na uwe kwenye hati miliki kwa miezi sita.

Wanaoishi Texas, na tuko wengi kati ya Dallas na Houston, wana sheria zao ndani ya katiba ya jimbo. Mkopo wowote unaotoa fedha kwenye nyumba unayoishi hauwezi kupita 80% ukijumlisha na mikopo mingine ya nyumba hiyo, lazima zipite siku 12 tangu uombe kabla ya kusaini, gharama nyingi za mkopeshaji haziruhusiwi kupita 2% ya mkopo, na huwezi kuchukua mwingine wa aina hiyo ndani ya mwaka. Dalali wa simu kutoka jimbo lingine asiyejua hili atakupotezea wiki nzima.

Usijaze nafasi yote. Thamani ya nyumba hushuka pia, na waliokuwepo 2008, bei za nyumba zilipoanguka, hawahitaji kukumbushwa.

Hatua ya nne: chagua aina ya mkopo

Aprili 2017 Fannie Mae ilitangaza aina ya rifainansi iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mikopo ya masomo, baada ya kuijaribu na kampuni ya SoFi. Kanuni zake ni rahisi kuzikumbuka. Angalau mkopo mmoja wa masomo ulipwe wote, si kipande. Fedha ziende moja kwa moja kwa kampuni inayosimamia mkopo huo siku ya kukamilisha, zisipitie mikononi mwako. Na mkopo uwe wa mtu anayeomba, yaani jina lake liwe kwenye deni. Mzazi aliyekopa au kudhamini kwa ajili ya mwanawe anaingia. Mvuto wake ulikuwa bei: ilitangazwa bila ile nyongeza ya gharama inayowekwa kwa anayetoa fedha kwa matumizi mengine. Si kila mkopeshaji anaitoa, na maafisa wengine hawajui hata kama ipo, kwa hiyo uliza kwa jina: student loan cash-out refinance. Akikujibu kwa kigugumizi, mwombe amuulize msimamizi wake.

FHA, yaani mikopo ya nyumba inayowekewa bima na serikali kuu, nayo inakubali hadi 80%, na ni rahisi zaidi kwa mwenye alama za chini, lakini inakuja na bima: 1.75% ya mkopo mwanzoni, kisha ada ya kila mwaka. Kwenye mkopo wa dola 258,000, hiyo ya mwanzo pekee ni dola 4,515. Kwa lengo letu, mara nyingi bima inameza faida.

Aliyewahi kutumikia jeshi ana VA, mikopo inayodhaminiwa na idara ya serikali ya waliotumikia jeshi, ambako kanuni inaruhusu hadi 100% ya thamani ingawa wakopeshaji wengi husimama 90%. Kuna ada ya 2.15% kwa mara ya kwanza na 3.3% kwa zinazofuata, isipokuwa kama unalipwa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi, hapo hutozwi.

Halafu kuna njia ambayo ingepaswa kutajwa kwanza kwa yeyote mwenye riba nzuri ya zamani: kuacha mkopo wa kwanza mahali pake na kuchukua mkopo wa pili mdogo juu yake. Riba ya huo wa pili huwa juu kuliko ya wa kwanza, lakini inavaa zile dola 42,000 tu, na unaweza kuchukua miaka 10 badala ya 30. Chukua wenye riba isiyobadilika. Ule unaotoa fedha kidogo kidogo kama kadi, riba yake hupanda na kushuka na soko.

Na kama deni lote ni la kampuni binafsi, uliza kwanza kampuni nyingine ya mikopo ya masomo ingekutoza kiasi gani leo, kwa kuwa kipato na alama zako si za kijana wa miaka 19 tena. Ukitoka 11% kwenda 7% bila kuweka nyumba rehani, kuna haja gani ya kusumbua nyumba?

Hatua ya tano: karatasi na alama

Hapa hakuna siri. Hati za mshahara za siku 30 za karibuni, fomu za W-2 (zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka) na matamko ya kodi ya miaka miwili, taarifa za benki za miezi miwili, bima ya nyumba, taarifa ya mkopo wa nyumba wa sasa na taarifa za kila mkopo wa chuo. Uliyejiajiri, jiandae kuulizwa zaidi. Usifungue kadi mpya wala kununua gari mpaka jambo hili liishe.

Mkopeshaji atapima malipo yako yote ya madeni ya kila mwezi dhidi ya kipato kabla ya kodi. Deni la chuo linalolipwa kwenye mpango huu linatolewa kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo mtu aliyekataliwa mkopo wa kawaida anaweza kukubaliwa kwa huu.

Hatua ya sita: wapambanishe wakopeshaji

Omba kwa watatu angalau, ndani ya wiki mbili. Maombi kadhaa ya mkopo wa nyumba yakikaribiana hivyo, yanahesabiwa kama ulizo moja kwenye alama zako, kwa hiyo usiogope. Changanya benki, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na dalali wa mikopo.

Kila mmoja anatakiwa kisheria kukupa karatasi ya kurasa tatu iitwayo Loan Estimate ndani ya siku tatu za kazi tangu apokee maombi yako. Zipange mezani sambamba. Ukurasa wa pili, sehemu A, ni ada za mkopeshaji mwenyewe. Hapo ndipo mnabishania. Sehemu C ni huduma ambazo unaruhusiwa kutafuta kwingine kwa bei nafuu. Ukurasa wa tatu una mstari ninaoupenda kuliko yote: ndani ya miaka mitano utakuwa umelipa jumla kiasi gani, na kati ya hicho, ni kiasi gani kimepunguza deni lenyewe. Weka mistari hiyo mitatu ya wakopeshaji watatu pamoja na mshindi atajitokeza bila maneno mengi.

Angalia pia pointi. Pointi moja ni 1% ya mkopo, unayoilipa mwanzoni ili riba ishuke. Mkopeshaji mwenye riba ya kupendeza kwenye simu mara nyingi ameficha pointi mbili ndani yake. Na anayesema "hakuna gharama" amezipakia kwenye riba. Anayelipa ni wewe vyovyote vile.

Omba pia bei ya miaka 15 na 20. Kama unaweza kumudu ya 20, mtego wa miaka 30 umeshaukwepa nusu.

Hatua ya saba: mthamini, kisha kusaini

Mthamini atakuja kwako. Fyeka majani, mpe orodha ya ulichokarabati na mwaka wake, kisha mwache afanye kazi. Akileta thamani ndogo kuliko ulivyotarajia, nafasi ya 80% inashuka pia, na huenda ukalazimika kulipa mkopo mmoja tu wa chuo badala ya miwili. Chagua wenye riba kubwa zaidi.

Wakati huo piga simu kwa kila kampuni ya mkopo wa chuo uombe barua ya salio la kufunga akaunti, yenye tarehe ya mwisho ya kutumika na riba ya kila siku. Usiamini salio unaloliona kwenye programu ya simu. Halina riba ya siku zijazo. Na usiache kulipa malipo ya mwezi eti "inakaribia kulipwa." Ukizidisha, watakurudishia. Ukichelewa, alama zinashuka katikati ya maombi.

Siku tatu za kazi kabla ya kusaini utapewa Closing Disclosure, karatasi ya masharti na gharama za mwisho. Ilinganishe na Loan Estimate mstari kwa mstari. Hakikisha kila mkopo wa chuo umeandikwa kwa jina la kampuni, namba ya akaunti na kiasi.

Ukishasaini, bado una mlango wa kutokea. Kwa rifainansi ya nyumba unayoishi na mkopeshaji mpya, sheria ya mwaka 1968 ya ukweli katika ukopeshaji inakupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kufuta mkataba kwa maandishi, bila kutoa sababu. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali kuu hazihesabiwi. Ukisaini Ijumaa, una mpaka Jumanne usiku. Fedha hazitoki kabla ya hapo, kwa hiyo barua ya salio iwe na siku za ziada, la sivyo dola chache zitabaki zinadaiwa na akaunti haitafungwa. Nimeona dola 14 zilizosahaulika namna hiyo zikigeuka kuwa ripoti ya kuchelewa.

Baada ya kusaini

Usizime malipo ya moja kwa moja ya mkopo wa chuo mpaka uone sifuri kwa macho yako. Kisha omba barua ya kuthibitisha deni limelipwa lote, na uihifadhi pamoja na hati ya nyumba. Aliyekudhamini mpelekee nakala; amesubiri siku hiyo kuliko wewe.

Mkopeshaji wa zamani anashikilia fedha zako za kodi ya nyumba na bima. Anatakiwa kukurudishia ndani ya siku 20 za kazi baada ya mkopo kulipwa. Wengi huzifanyia karamu ndogo, lakini ni zako za zamani na tayari umejaza akaunti nyingine mpya siku ya kusaini. Zipeleke kwenye mkopo.

Kwenye kodi ya mapato, jiandae kupoteza kidogo. Riba ya mkopo wa masomo huweza kupunguza kipato kinachotozwa kodi kwa hadi dola 2,500 kwa mwaka, kutegemea kipato chako. Ukishaichanganya na nyumba, usitarajie tena hiyo. Wala usidhani itahamia kwenye punguzo la riba ya nyumba: tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya 2017, yaliyofanywa ya kudumu 2025, riba inayokubalika ni ya fedha zilizonunua, kujenga au kuboresha nyumba hiyo. Zilizolipa chuo haziingii. Mwambie anayekuandalia kodi agawanye mkopo vipande viwili.

Mwisho, weka yale malipo ya ziada yajitoe yenyewe siku ya mshahara. Kwenye tovuti nyingi za wakopeshaji kuna kisanduku cha kuchagua kiasi cha ziada kiende wapi: kwenye deni lenyewe, au kwenye malipo ya mwezi ujao. Wakichagua wao, mara nyingine huenda kwenye mwezi ujao na hakipunguzi kitu. Chagua deni lenyewe, na mwezi wa kwanza ingia uangalie kama kweli salio limeshuka kwa kiasi ulichotuma.